Osha Kwanza, Takasa Baadaye: Chupa na Vyombo vya Bia ya Nyumbani

Ndoo moja ya lita 20 ya bia hula kilo nne hadi tano za kimea, karibu siku nzima jikoni na mwezi mzima wa kusubiri. Ikiharibika, mara nyingi mkosaji si kimea wala hamira. Ni koki ambayo haikufunguliwa ikaoshwa ndani, au mpira wa kuhamishia bia uliokunjwa kabatini ukiwa bado na unyevu, au chupa tatu nne zilizokuwa na ukoko chini na hakuna aliyezichungulia.

Aliyezoea mbege au busaa anaweza kushangaa: mbona vyombo vya mbege havipitishwi kwenye dawa na pombe inatoka nzuri? Ni kwa sababu bakteria wa uchachu ni sehemu ya pombe ile, na pombe yenyewe hunywewa ndani ya siku chache. Bia ya kimea na hopsi (maua yanayoipa bia uchungu) inafungwa kwenye chupa pamoja na sukari kidogo, halafu inakaa wiki au miezi kwenye joto la chumba. Kijidudu kigeni kikiingia, kina muda wote huo wa kuzaana.

La kutuliza moyo ni kwamba vijidudu vya maradhi havistawi kwenye bia iliyokwisha kuchachuka, kwa sababu ya kileo, hopsi na asidi yake (kipimo chake, pH, huwa karibu 4.2 hadi 4.5). Kinachoharibika ni ladha, na wakati mwingine chupa hupasuka. Hatari kwa mwili wa mtu iko zaidi kwenye dawa za kutakasia zikitumiwa bila kipimo, kwa hiyo nunua sirinji ya mililita 10 au 20 kwenye duka la dawa na uitumie kwa kazi hii tu. Kukadiria kwa kifuniko cha chupa hakutoshi.

Kazi mbili tofauti

Kuosha ni kuondoa uchafu: utando wa hamira, mafuta, gundi ya lebo, duara la povu lililokaukia ukutani mwa ndoo. Kutakasa ni kupunguza vijidudu vilivyobaki mpaka viwe vichache kiasi cha hamira kuvishinda. Kazi ya pili haiwezekani kabla ya ya kwanza. Utando uliobaki huwafunika bakteria dawa isiwafikie, na klorini hasa humalizwa nguvu na uchafu kabla haijagusa kijidudu hata kimoja.

Si kila chombo kinahitaji kutakaswa. Sufuria ya kupikia, mwiko, chujio la kimea, vyote hivi kuviosha kunatosha, kwa kuwa maji ya kimea yatachemka saa nzima baada ya kuvigusa. Mpaka uko pale moto unapozimwa. Joto likishashuka chini ya nyuzi 70, kila kitakachogusa maji yale lazima kiwe kimetakaswa: ndoo na kifuniko chake, koki, mpira, kipimajoto, haidromita (kipimo cha uzito wa maji ya kimea), mkasi wa kukatia pakiti ya hamira na hata pakiti yenyewe kwa nje. Pakiti na mkasi husahaulika sana.

Kuosha

Sabuni ya vyombo yenye manukato isitumike ndani ya chupa wala ndoo. Mabaki yake huua povu la bia, na plastiki hushika harufu ya limau kwa muda mrefu. Kinachofaa zaidi ni sodiamu pakaboneti, unga mweupe ulio ndani ya dawa nyingi za kuondoa madoa zinazotegemea oksijeni (chagua isiyo na manukato wala rangi), na ulio ndani ya PBW, unga wa kuoshea wa wapika bia. Kipimo ni gramu 4 hadi 5 kwa lita moja ya maji ya nyuzi 50 hadi 60. Loweka saa kadhaa au usiku kucha. Ukoko mwingi utaachia bila kusugua. Usizibe chupa iliyo na dawa hii, maana inatoa oksijeni na shinikizo litapanda. Usiilaze pia siku mbili tatu kwenye maji magumu (yenye madini mengi): chokaa nyeupe itaganda kwenye kioo, na hapo utahitaji siki kuitoa.

Pakaboneti ikikosekana, magadi soda meupe ya kufulia yanafanya kazi nzuri kwa kipimo kilekile, ila polepole zaidi. Magadi ya mawe yenye udongo si ya kazi hii. Kostiki (kostiki soda) inaondoa kila kitu, lakini inaunguza ngozi na kupofusha macho. Ukilazimika kuitumia kwa chombo cha chuma kisichoshika kutu, vaa glavu na miwani, na tia kostiki kwenye maji baridi kidogokidogo. Kumimina maji juu ya kostiki kunaifanya iruke.

Kuna onyo moja kwa jiko la Afrika Mashariki, ambako sufuria nyingi ni za alumini: kostiki huila alumini, na magadi na pakaboneti huifanya kuwa nyeusi na kuichimba. Loweka kwenye ndoo ya plastiki au beseni, kamwe si kwenye sufuria hizo.

Plastiki isuguliwe kwa kitambaa laini au sponji mpya, basi. Upande wa kijani wa sponji, waya wa kusugulia, mchanga, vyote vinakwaruza, na mkwaruzo ni handaki la bakteria ambalo dawa haifiki. Ndoo ikishakwaruzwa ndani, kuioshaosha hakuirudishi. Inunuliwe nyingine.

Koki, mpira na washa

Hapa ndipo bia nyingi huharibikia, kwa hiyo tukae kidogo.

Koki ya plastiki ya ndoo ya kuchachushia ina sehemu zisizoonekana: nafasi kati ya kishikio na mwili, nyuzi za nati na nyuma ya washa, yaani kile kipete cha mpira cha kuzuia mvujo. Maji ya kimea huingia humo kila inapofunguliwa na hayatoki kwa kusuuza. Baada ya kila upishi, itoe kwenye ndoo, fungua nati, vua washa, chomoa kishikio ikiwa inaruhusu, na loweka vipande vyote kwenye pakaboneti. Pitisha brashi nyembamba ndani. Wakati wa kutakasa, ifungue na kuifunga mara kadhaa ikiwa imezama ndani ya dawa ili dawa iingie kwenye zile nafasi. Koki iliyozamishwa ikiwa imefungwa imetakaswa nje tu.

Na tone linalobaki mdomoni mwa koki baada ya kuchota bia ya kupima hukauka, hualika ukungu na vinzi vya matunda. Pulizia mdomo huo dawa kabla na baada ya kila kuchota, kisha uvishe karatasi ya foili.

Mpira wa kuhamishia bia uwe wa daraja la chakula, mwepesi wa kuona ndani, urefu wa mita moja na nusu hivi. Usuuze kwa maji ya moto dakika ileile kazi inapoisha, uutikise, kisha uuning'inize ukiwa umenyooka hadi ukauke kabisa. Ukikunjwa na unyevu, ukungu hauchukui wiki. Unapoutakasa, uzamishe mwisho mmoja kwanza na kuusukuma taratibu mpaka hewa yote itoke: penye povu la hewa hapajaguswa na dawa. Mpira ukigeuka rangi au ukawa na madoa ndani, utupe. Ni kifaa cha bei ndogo kuliko vyote na ndicho kinachoharibu bia nyingi.

Dawa ya kutakasia

*Klorini.* Jik na zinazofanana nayo ndizo zinazopatikana kila duka. Chagua isiyo na manukato na isiyo nzito kama uji. Tunachotaka ni takriban sehemu 200 kwa milioni, na hesabu yake ni rahisi: gawanya 20 kwa asilimia ya sodiamu haipokloriti iliyo kwenye lebo, jibu ni mililita za dawa kwa lita moja ya maji. Lebo ikisema asilimia 3.5, ni mililita 6 kwa lita, yaani 120 kwa ndoo ya lita 20. Ikisema 5, ni mililita 4. Loweka dakika 20. Changanya siku ileile ya kutumia, na usinunue chupa iliyokaa juani dukani, kwani joto na mwanga huimaliza nguvu.

Klorini ina masharti matatu. La kwanza, isichanganywe kamwe na siki, limau, asidi yoyote au dawa yenye amonia. Hutoa gesi ya sumu. La pili, isikae kwenye chuma kisichoshika kutu wala alumini, itavitoboa vitobo vidogo. La tatu ndilo linalowashinda wengi: lazima isuuzwe. Klorini ikikutana na maji ya kimea hutengeneza klorofenoli, na kiasi kidogo sana chake kinatosha kuipa bia ladha ya plasta ya kidonda.

Lakini kusuuza kwa maji gani? Maji ya simtanki au ya bomba yanarudisha vijidudu vilevile ulivyotoka kuua. Chemsha maji jana yake, yaache yapoe kwenye sufuria iliyofunikwa. Kwa chupa 40, ukisuuza kila moja mara mbili kwa mililita 150, utahitaji lita 12. Andaa 15.

*Star San.* Hii ni asidi ya fosforiki pamoja na kitu kama sabuni, na wapika bia wengi wa nyumbani Marekani wanaitegemea. Kwetu huagizwa mtandaoni. Kipimo ni mililita 1.6 kwa lita, mguso wa dakika 2, na haisuuzwi. Povu linalobaki chupani halina madhara wala ladha, kwa hiyo usihangaike kulitoa. Inaendelea kufanya kazi ilimradi pH iko 3 au chini. Pima kwa karatasi ya pH. Kwenye maji magumu inageuka maziwa haraka na kupoteza nguvu, kwa hiyo ichanganye na maji ya mvua yaliyochujwa au maji ya dukani yasiyo na madini, nayo itadumu wiki kadhaa. Ukiweza kuipata, ichague hii kuliko klorini, kwa sababu moja tu: inaondoa hatua ya kusuuza, na kila hatua iliyoondolewa ni mlango mmoja uliofungwa.

*Iodini ya vyombo vya chakula* hutumika kwa sehemu 12.5 kwa milioni, dakika 2, kisha chombo kiinamishwe kichuruzike. Lebo ndiyo itakayotoa kipimo kulingana na nguvu ya dawa. Maji yakipoteza rangi ya kahawia, dawa imekwisha. Usidhani hii ni sawa na iodini ya kuchovya chuchu za ng'ombe, ambayo huongezwa vilainisha ngozi visivyotakiwa kwenye bia.

*Ethanoli ya asilimia 70* ni ya kupulizia tu: mdomo wa koki, mkasi, pakiti ya hamira. Chukua mililita 730 za ethanoli ya asilimia 96 na kuongeza maji yaliyochemshwa na kupoa hadi lita 1. Ile ya 96 pekee inaua vibaya zaidi, kwa kuwa maji yanahitajika ili ipenye kwenye kijidudu. Spiriti ya kuwashia ina methanoli na haipaswi kukaribia chombo chochote cha kunywea. Na usipulizie karibu na jiko linalowaka.

*Joto* halina mabaki wala ladha. Chupa za kioo huwekwa kwenye sufuria kubwa yenye kitambaa chini, zikiwa zimejazwa maji ya uvuguvugu, kisha zote zipashwe pamoja hadi kuchemka kwa dakika 15. Nairobi maji huchemka kwenye nyuzi 94 au 95 hivi kwa sababu ya mwinuko, na bado inatosha. Kumimina maji yanayochemka kwenye chupa baridi ni kuipasua. Mwenye oveni afunike mdomo wa kila chupa kwa foili, azipange oveni ikiwa baridi, apandishe taratibu hadi nyuzi 170, aziache saa moja, kisha azime na kuziacha zipoe humohumo bila kufungua mlango. Kwa nyuzi 150 ni saa mbili na nusu. Faida yake kubwa ni kwamba chupa hizo zinabaki safi kwa wiki nyingi foili ikiwa haijaguswa, kwa hiyo kazi inaweza kufanywa mapema.

Kuchagua chupa

Zinazofaa ni za kahawia, za kizibo cha chuma, za kioo kinene kama zile za nusu lita zinazorudishwa kiwandani. Kahawia huzuia mwanga unaoharibu hopsi, na unene huhimili gesi. Zenye uzi wa kuzungusha hazizibi vizuri kwa mashine ya mkono. Pitisha kidole kwa uangalifu kwenye mdomo: ukihisi pengo, gesi itatoroka, weka kando.

Kisha inuse. Chupa za bia mitaani hutumika kubebea mafuta ya taa, mafuta ya kupikia, hata dawa za mifugo na mimea. Chupa yenye harufu yoyote isiyo ya bia haioshwi, inatupwa. Baada ya hapo iangalie kwa kuielekeza mdomo kwenye jicho na kitako kwenye mwanga wa dirisha. Doa, ukoko wa pembeni chini, duara shingoni: hiyo irudi kwenye pakaboneti na brashi. Ikitoka mara ya pili bado ina doa, achana nayo.

Chupa ambayo umeimimina mwenyewe haihitaji yote haya. Isuuze mara tatu kwa maji ya moto kabla machicha hayajakauka, iinamishe ikauke, na siku ya kujaza itahitaji dawa tu.

Siku ya kujaza

Lita 20 zitakupa chupa 36 hadi 38 za nusu lita, kwa sababu zinazobaki ni machicha. Andaa chupa 40 na vizibo 45.

1. Usiku wa kuamkia, loweka chupa zinazohitaji kuoshwa kwenye pakaboneti, na chemsha maji ya kusuuzia ikiwa utatumia klorini.
2. Asubuhi suuza mpaka mtelezo uishe kwenye vidole. Mtelezo ni dawa iliyobaki.
3. Funga madirisha, zima feni, futa meza kwa dawa. Vumbi na vinzi huleta hamira pori na bakteria wa siki.
4. Takasa kwanza kichanja cha kuinamishia chupa. Kreti la bia lina vumbi la stoo. Shingo ya chupa iliyotakaswa isiguse humo.
5. Takasa ndoo ya kujazia, koki iliyounganishwa upya, mpira na mwiko. Zungusha dawa ifike kuta zote na chini ya kifuniko.
6. Takasa chupa kumi kumi. Izamishe ikiwa imelala kidogo ili hewa itoke. Kwa Star San, lita 5 zinatosha chupa zote, ukihamisha dawa kutoka moja hadi nyingine kwa faneli.
7. Inamisha zichuruzike dakika chache na ujaze mara moja. Zisikauke hadi kesho. Chupa iliyokauka wazi si safi tena.
8. Vizibo vichovywe kwenye Star San au ethanoli kabla ya kufunga. Klorini huvitia kutu, na kuvichemsha kunaweza kuharibu utando wa ndani unaoziba.

Sukari ya kuzalishia gesi, gramu 6 hadi 7 kwa lita, ichemshwe kwenye maji kidogo kwa dakika 10 kabla ya kuingia ndooni. Sukari ya mfukoni ina vijidudu vyake. Na mikono: ioshe, kisha ichovye kwenye dawa kila unapogusa kitu kingine, simu ikiwemo. Star San ni asidi na hukausha ngozi, kwa hiyo mwenye vidonda avae glavu.

Ikiharibika, ilianzia wapi?

Hesabu chupa mbovu. Moja au mbili kati ya 38 zikiwa chachu na nyingine nzuri, ni uchafu wa chupa hizo. Zote zikiwa na kasoro ileile, tatizo liko kabla ya chupa: ndoo, koki, mpira, au maji ya kimea yaliyopoa wazi kwa muda mrefu.

Duara jembamba jeupe shingoni, usawa wa bia, ni dalili ya wazi kwamba kuna kilichoota. Ukali wa maziwa lala unatokana na bakteria wa asidi ya laktiki. Ukali wa siki unatoka kwa bakteria wanaohitaji hewa, kwa hiyo kagua kifuniko na kile kidude cha maji cha kutolea gesi, kisha uwinde vinzi. Ladha ya plasta ina vyanzo viwili vinavyofanana: klorini isiyosuuzwa, na hamira pori. Ikiwa hukutumia klorini na maji yako ya kupikia hayana klorini, basi ni hamira pori.

Hamira pori ndiyo ya kuogopwa, kwa sababu baadhi yake hula sukari ngumu ambazo hamira ya bia huziacha, na gesi huendelea kupanda wiki baada ya wiki. Fungua chupa moja kila wiki. Povu likianza kuruka zaidi ya wiki iliyopita, usisubiri. Poza chupa zote kwenye friji, funika kila moja kwa taulo nene, vaa miwani, na uzifungue juu ya sinki. Chupa inayopasuka kwenye joto la chumba hurusha vigae kwa nguvu ya kujeruhi, kwa hiyo tangu siku ya kwanza kreti liwekwe ndani ya boksi lenye kifuniko, mbali na wanapocheza watoto.

Kundi zima likiharibika, vyombo vya kioo na chuma huokolewa: pakaboneti ya moto usiku kucha, kisha joto au dawa. Mpira, washa zote na koki vitupwe bila kuhesabu vimetumika mara ngapi. Ndoo ya plastiki ichunguzwe kwa tochi. Ikiwa haina mkwaruzo, iloweke kwenye klorini ya sehemu 200 saa moja, suuza, ianike siku nzima juani na uijaribu tena kwa upishi mdogo wa lita 5. Ikiwa ina mikwaruzo, itafaa kufulia.